Umekatika au Tumekatiwa? Kiswahili cha Unguja mbele ya Vitenzi-virai vya Kiingereza

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme, baada ya kutokea hitilafu katika njia inayoleta umeme huo kutoka Tanzania Bara kupitia chini ya bahari. Haikuwa mara ya kwanza: kati ya Mei na Juni 2008 kisiwa kilikuwa kimekwisha kuonja giza la takriban mwezi mmoja. Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuieleza hali kama hiyo kwa njia tatu, na kila njia ina hukumu yake. Akisema "umeme umekatika", anataja tukio peke yake. Hakuna mtendaji na hakuna wa kulaumiwa. Akisema "umeme umekatwa", anakiri kwamba yupo aliyekata, japokuwa hakumtaja. Akisema "tumekatiwa umeme", anaweka wazi mambo mawili kwa neno moja: yupo aliyekata, na wapo waliofikwa na athari za ukataji huo.

Mwandishi wa Kiingereza angeyasema hayo kwa kubadilisha maneno yanayofuata kitenzi: umeme "went off", umeme "was cut off", na watu "were cut off". Maana imebebwa na kitenzi chepesi pamoja na neno dogo "off". Katika Kiswahili maana hiyo hiyo imebebwa na silabi zilizomo ndani ya kitenzi: -ik-, -w-, -iw-. Tofauti hii inaonekana kuwa ya kisarufi tu, lakini katika habari, matangazo ya serikali na maswali ya mtihani, ndiyo inayoamua kama msomaji atajua nani katenda nini, kwa nani. Hapo ndipo ulipo mgogoro wa Kiswahili cha leo, kwani sehemu kubwa ya habari zinazosomwa kwa Kiswahili huanza kama maandishi ya Kiingereza, na mfasiri mwenye haraka hulitafutia kila neno dogo la Kiingereza neno lake la Kiswahili.

Neno dogo lenye kazi kubwa

Vitenzi-virai vya Kiingereza ni vitenzi vinavyoungana na kielezi au kihusishi, au vyote viwili, vikaunda maana ambayo haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno hayo. Mfano unaojulikana sana darasani ni kitenzi "look". Peke yake kina maana ya kutazama. Kikiungana na "for" huwa ni kutafuta. Na "after", kutunza. Na "into", kuchunguza. Na "down on", kudharau. Na "up to", kuheshimu. Na "forward to", kutarajia kwa hamu. Kiswahili kina kitenzi kamili kwa kila moja ya maana hizi, wala hakihitaji kuanza na "tazama" hata mara moja. Mwanafunzi anayelijua hilo ameshavuka nusu ya safari.

Nusu ya pili ni kutambua kwamba maneno madogo hayo hayafanyi kazi moja. Katika "turn off the light", neno "off" ni kielezi, na kwa hiyo linaweza kuruka na kukaa baada ya kiwakilishi: "turn it off". Katika "look after the child", neno "after" ni kihusishi. Haliachani na nomino yake, na hakuna asemaye "look him after". Vitenzi vyenye maneno matatu huunganisha aina zote mbili kwa mpangilio usiobadilika: kwanza kitenzi, kisha kielezi, mwisho kihusishi kinachoikaribisha nomino. "Run out of", "put up with", "come up with" na "get away with" vyote hufuata kanuni hiyo. Ndiyo maana baada ya "look forward to" Kiingereza hutumia "seeing" badala ya "see": "to" ya hapo ni kihusishi, nayo inadai nomino au kitu chenye hadhi ya nomino. Kosa hili, ambalo walimu wa skuli za sekondari wamechoka kulisahihisha katika barua za wanafunzi, hutoweka mara mwanafunzi anapoelezwa aina ya neno badala ya kuamrishwa kukariri.

Mahali Kiswahili kinapoliweka

Kiswahili hakikukosa uwezo huo. Kimeuweka mahali pengine. Abiria wa daladala inayoingia mjini haulizwi tu anashuka wapi. Anaulizwa "unashukia wapi?", naye hujibu "nashukia Darajani". Kiambishi -i- kimefanya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa "off at". Mgeni aliyeteremka uwanja wa ndege "amefika". Akipata chumba Shangani, "amefikia" Shangani, ambapo Kiingereza kingesema "put up at". Jirani akiambiwa "nipitie jioni", ameombwa apite, amchukue msemaji, waende pamoja; Kiingereza kingehitaji "come by" na "pick me up" ili kuyatimiza hayo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni hama na hamia. Familia ikitoka nyumba ya zamani ya Mkunazini na kwenda kuishi Fuoni, Kiswahili husema: "Wamehama Mkunazini, wamehamia Fuoni." Kiingereza kina "move out of" na "move into". Tofauti ya kutoka na kuingia, ambayo kwa Kiingereza imo katika maneno ya pembeni, kwa Kiswahili imo katika silabi moja. Vivyo hivyo kimbia na kimbilia: anayemkimbia mtu anamwepuka, na anayemkimbilia anamwendea kwa mbio, pengine kutafuta hifadhi. Mfasiri wa habari za wakimbizi akiikosa silabi hiyo, amegeuza mwelekeo wa safari nzima.

Kauli ya kutendua nayo hufanya kazi ya "out", "up" na "in" kwa ustadi ambao mara nyingi hausifiwi. Tangu kilimo cha biashara cha mwani kianze Unguja mwaka 1989, wanawake wa Paje na vijiji jirani vya pwani ya mashariki wamekuwa wakianika mwani juani na kuuanua mvua inapotishia. Anika na anua ni jozi moja: Kiingereza hulazimika kusema "lay out to dry" na "take in". Fukia na fukua, pakia na pakua, chomeka na chomoa ni jozi za namna hiyo hiyo. Anayechomoa waya ukutani "pulls it out". Anayefukua msingi wa nyumba "digs it up". Hakuna neno la pembeni linalohitajika, kwa sababu mwelekeo umo ndani ya tendo.

Na pale ambapo Kiingereza kinajivunia maneno matatu ya "run out of", Kiswahili kina neno moja: ishiwa. Likifunguliwa, huonekana kuwa na mzizi wa kitenzi "isha", kiambishi -i- kinachomwingiza anayehusika, na -w- kinachomfanya awe mpokeaji wa tukio. "Tumeishiwa mafuta" si sawa na "mafuta yamekwisha". Sentensi ya pili inatoa taarifa kuhusu mafuta. Ya kwanza inatoa taarifa kuhusu watu. Mhariri anayechagua kichwa cha habari kati ya hizo mbili anachagua pia ni nani awe kiini cha habari.

Kwa upande wa mwendo, mtaalamu wa isimu Leonard Talmy alizigawa lugha kwa kuangalia mahali zinapoweka njia ya mwendo. Kiingereza huweka namna ya mwendo katika kitenzi na njia katika neno la pembeni: "the boy ran out of the house". Kiswahili huweka njia katika kitenzi, na namna ya mwendo ikafuata: "kijana alitoka nyumbani mbio". Mfasiri akiandika "kijana alikimbia nje ya nyumba", msomaji ataona kijana anayezunguka uani kwa mbio, na huenda asijue kamwe kwamba mlango ulifunguliwa na mtu akatoka. Katika ushahidi wa kesi ya jinai, tofauti hiyo si ndogo. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania Bara, maandishi ya sheria yanayohitaji uangalifu wa aina hii yamezidi kuongezeka.

Jozi zinazodanganya

Baadhi ya vitabu vya sarufi vilivyoandikwa kwa Kiingereza viliita kauli ya kutendea "kauli ya kihusishi", kwa kuwa mara nyingi hufasirika kwa "for", "to" au "at". Jina hilo lilimsaidia mgeni kuanza, lakini limeacha dhana potofu kwamba kila kihusishi cha Kiingereza kinalingana na -ia, na kila -ia inalingana na kihusishi. Ushahidi wa matumizi unakataa.

Kitenzi "laugh at" kina kihusishi, lakini Kiswahili chake ni "kumcheka mtu", bila ya -ia. Mwanafunzi anayeongeza -ia akapata "kumchekea mtu" amesema kinyume: amemwonyesha mtu huyo furaha na ukarimu wa uso. "Ask for water" ni "kuomba maji", bila ya -ia. "Pray for someone" ni "kumwombea mtu". "Kumsema mtu" kwa kawaida ni kumkemea au kumsengenya, ilhali "kumsemea" ni kusema kwa niaba yake, au kumpeleka kwa mkubwa kwa mashitaka, kama mtoto anavyosemewa kwa mwalimu. Na karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi "zinanukia". Samaki waliosahauliwa kapuni "wananuka". Hakuna kihusishi cha Kiingereza kinachoweza kueleza kwa nini silabi moja imegeuza uvundo kuwa harufu nzuri.

Somo kwa mfasiri ni dogo lakini halina badala: kitenzi-kirai kisifasiriwe kwa sehemu zake. Kwanza itafutwe maana ya kitenzi kizima katika muktadha wake, kisha ndipo kitafutwe kitenzi cha Kiswahili kinachobeba maana hiyo, na mwisho kichaguliwe kiambishi kinachoonyesha uhusiano wa watendaji. "Pick up" ni mfano mzuri wa mazoezi. Aliyeona shilingi chini anaiokota. Dereva wa hoteli anamfuata mgeni uwanja wa ndege. Simu ikilia, hupokewa. Kijana wa Nungwi aliyepata Kiitaliano kwa kuongea na wageni amekiokota lugha hiyo kwa masikio tu. Biashara iliyodorora wakati wa masika huchangamka msimu wa watalii ukirudi. Kitenzi-kirai kimoja kimezaa vitenzi kadhaa, na "chukua juu" haimo hata mahali pamoja.

Kiswahili cha habari na vihusishi vya ziada

Athari ya Kiingereza inayoonekana kwa macho, kama "mwisho wa siku" kwa maana ya hatimaye, hukemewa mara kwa mara. Katika jamii ya Waislamu wa Unguja, ambamo siku mpya huhesabiwa kuanzia magharibi na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, msemo huo una ugeni wa pekee. Hata hivyo msemo mmoja ni kitu kimoja tu. Athari iliyo pana zaidi ni ile isiyoonekana: vihusishi vinavyoongezwa pale ambapo kitenzi kilikuwa kimekwisha kumaliza kazi.

Mfano wa kwanza ni "inategemea na hali". Kitenzi tegemea huchukua yambwa moja kwa moja. "Inategemea hali" inatosha. Neno "na" limepenya hapo kama kivuli cha "on" katika "depend on". Mfano wa pili ni "waziri alizungumzia kuhusu bajeti". Kiambishi -i- katika zungumzia ndicho kilichobeba maana ya "kuhusu". Msemaji amelipa mara mbili bidhaa moja. Achague "alizungumza kuhusu bajeti" au "alizungumzia bajeti". Hali ni hiyo hiyo katika "kulalamikia kuhusu huduma", ambapo "kulalamikia huduma" haikupungukiwa na chochote.

Mfano wa tatu ni "kwa ajili ya". Haki itendeke: kirai hiki ni cha Kiswahili cha muda mrefu, chenye asili ya Kiarabu, na hakuna sababu ya kukifukuza. Tatizo ni kwamba kimegeuzwa kuwa jibu la kila "for". Taarifa inaweza kusomeka hivi: "Wizara imetenga fedha kwa ajili ya ujenzi wa skuli kwa ajili ya watoto wa kijiji." Kila neno ni la Kiswahili, lakini sentensi inakwenda kwa magongo. Kauli ya kutendea huisimamisha: "Wizara imetenga fedha za kuwajengea skuli watoto wa kijiji." Maneno yamepungua, na watoto wamesogea karibu na tendo. Katika sentensi ya kwanza walikuwa mkia. Katika ya pili wamo ndani ya kitenzi, katika silabi -wa-.

Mfano wa nne ndio wenye uzito mkubwa katika mambo ya umma. "Serikali imekuja na mpango mpya" ni tafsiri ya "come up with". Katika Kiswahili cha kawaida, anayekuja na kitu amekileta mkononi: mjomba kaja na halua kutoka Oman. Matumizi mapya yameenea kiasi kwamba kuyaita kosa tupu hakutayazuia. Lakini inafaa kuuliza yanaficha nini. Mpango unaweza kupendekezwa, kubuniwa, kuandaliwa, kupitishwa, kutangazwa au kuzinduliwa. Kila kitenzi kinamweleza mwananchi mpango umefika hatua gani na ni nani anayewajibika nao. "Kuja na" hakielezi hata hatua moja. Mwandishi anayekitumia hakudanganya, ila amemwacha msomaji bila ya taarifa aliyoifungulia gazeti.

Kutokana na mifano hii, kipimo cha haki kinaweza kupendekezwa. Umbo lililotokana na Kiingereza lisihukumiwe kwa asili yake bali kwa kazi yake. Likiziba pengo, likaribishwe. Likirudia kile ambacho kitenzi kimekwisha kukisema, lipunguzwe. Likigongana na maana iliyopo au likificha mtendaji, likataliwe katika maandishi rasmi, hata kama linaachwa lipite katika mazungumzo ya barazani. Kwa kipimo hiki, "ingia" na "toka" katika simu za mkononi, zinazosimama badala ya "log in" na "log out", zimefaulu: ni vitenzi vya mwendo vya Kiswahili, vimebeba njia ndani yake, na hakuna aliyehitaji kuandika "ingia ndani". "Jisajili" kwa "sign up" imefaulu zaidi, kwa kuwa ji- inaonyesha kwamba anayesajili na anayesajiliwa ni mtu mmoja.

Ifahamike pia kwamba Kiswahili kina vitenzi vyake vinavyoandamana na neno dogo, navyo si mzigo wa kuigwa. Kabiliana na, achana na, shirikiana na, ondokana na, tokana na: hapa kiambishi -an- ndicho kinachoialika "na". Mwalimu anayetaka kumwonyesha mwanafunzi wake kitu kinachofanana na kitenzi-kirai ndani ya lugha yake anaweza kuanzia hapo. "Acha mke" na "achana na mke" si jambo moja. Kwa kwanza mwamuzi ni mmoja, kwa pili ni wawili.

Darasani: gharama anayoilipa mtoto

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza masomo ya hisabati na sayansi yafundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mjadala wa sera hiyo umeendelea kwa miaka mingi, na kwa kawaida hujikita katika istilahi: mtoto atajuaje maneno magumu ya sayansi? Lakini neno gumu lina faida moja, nayo ni kwamba linaonekana kuwa gumu. Mwalimu huliandika ubaoni, hulieleza, na mtoto hulinakili. Kinachompita mtoto ni maneno mepesi. Sentensi kwamba mimea "take in" hewa moja na "give out" nyingine haina neno lolote ambalo hajawahi kuliona. Anajua "take", anajua "in", anajua "give", anajua "out". Hajui kwamba yakikaa pamoja yana maana ya kufyonza na kutoa. "Carry out an experiment" humfanya awaze kubeba kitu nje. "Break down food" humwonyesha kitu kilichovunjika na kuanguka. Mtoto wa namna hii anaweza kuielewa sayansi yenyewe vizuri kabisa na bado akashindwa kujibu swali, na karatasi ya mtihani haitamwambia mtahini ni kipi alichokosa, sayansi au neno "off".

Athari hurudi pia upande wa pili. Wataalamu waliochunguza Kiingereza cha Afrika Mashariki wameeleza kwamba wasemaji wake huacha neno dogo pale linapotakiwa, wakasema "pick me" badala ya "pick me up", na huliongeza pale lisipotakiwa, kama katika "discuss about". Chanzo kimoja kiko karibu. "Nichukue" na "nipitie" ni maneno yaliyokamilika. Hayana nafasi ya "up". "Nisubiri" na "sikiliza redio" huchukua yambwa bila ya msaada, na hivyo huzaa "wait me" na "listen the radio". Kwa upande mwingine, "zungumza kuhusu" huizaa "discuss about". Mwanafunzi hakusema ovyo. Amefuata sarufi, ila ni sarufi ya lugha nyingine. Mwalimu anayelijua hilo husahihisha kwa kulinganisha: huandika "nisubiri" upande mmoja na "wait for me" upande wa pili, akamwonyesha mwanafunzi kwamba "for" ya Kiingereza haina makao katika neno la Kiswahili.

Kamusi nazo zina sehemu yake. Kamusi nyingi za Kiswahili huorodhesha minyambuliko kwa vifupisho chini ya kitenzi cha msingi, bila kueleza maana ya kila mmoja. Utaratibu huo unamtosha msemaji mzawa. Haumtoshi mfasiri anayetaka kujua tofauti ya cheka na chekea, wala mwanafunzi wa kigeni anayetafuta "put up at". Kamusi ya lugha mbili itakayomfaa kweli mtu huyo ni ile inayoweka vitenzi-virai vya Kiingereza kama vidahizo vyenye maana zao, na inayoipa hamia, fikia, pitia, ishiwa na wenzao nafasi ya vidahizo kamili vyenye mifano ya sentensi.

Kwa nini Unguja

Mwaka 1928 mkutano wa lugha uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji huo katika nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza. Zaidi ya nusu karne kabla ya hapo, mwaka 1870, Edward Steere alikuwa amechapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili kama kilivyosemwa Zanzibar. Kwa hiyo kwa muda mrefu mkondo wa lugha ulitoka mitaa ya mji huu kwenda kwingineko. Leo mkondo unarudi pia: Kiswahili sanifu kinamfikia mkazi wa Malindi na Jang'ombe kupitia redio, televisheni na simu, na sehemu ya Kiswahili hicho imepita kwanza katika Kiingereza.

Wakati huo huo majukumu ya lugha yameongezeka. Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Kila hatua kati ya hizi inadai tafsiri: maazimio, mikataba, taarifa za afya, miongozo ya uchaguzi. Wingi wa nyaraka hizo huandikwa kwanza kwa lugha nyingine. Hadhi ya Kiswahili imepanda kwa maamuzi ya vikao, lakini ubora wake utaamuliwa na mfasiri mmoja mmoja, anapokutana na "off", "up with" au "out of" na akachagua kati ya kulifuata neno au kuifuata maana.

Anayetaka kujipima ana kipimo rahisi. Achukue tafsiri yake, aisome bila ya maandishi ya asili, na kila anapokutana na "kwa ajili ya", "kuhusu", "juu ya" au "na", ajiulize kama kitenzi kilichotangulia kingeweza kuibeba kazi hiyo chenyewe. Mara nyingi kitaweza. Sentensi itafupika, na muhimu zaidi, watu watarudi mahali pao katika tendo: aliyejengewa, aliyeombewa, aliyeishiwa, aliyekatiwa.

Ndivyo inavyorudi habari ya umeme. Taarifa inayosema "kutakuwa na ukatikaji wa umeme kwa ajili ya matengenezo" haina kosa la kisarufi. Lakini ndani yake hakuna aliyekata, na hakuna aliyekatiwa. Kiswahili kina uwezo wa kuwataja wote wawili kwa silabi mbili, na mwananchi aliyekaa gizani ana haki ya kuzisikia.